Oda kwa Jina la Ndoo Tupu

Mchana ule Warsito hakucheza karata. Wenzake, madereva wa pikipiki wanaosubiri oda za chakula mkabala na duka la Koh Liong la martabak, zile chapati nene za kujazwa, walikuwa wamebanana kwenye benchi lao wakibishana juu ya nani kaiba turufu. Yeye alikaa juu ya pikipiki yake, simu mkononi, goti likimtikisika.

"Sam, vipi, unasubiri mke ajifungue?" alimtania Yoyok, kijana mwenye hasira za karibu kuliko wote pale kijiweni. Watu wa Malang, mji huu wa Java, hupenda kuyasoma maneno kinyumenyume, na "Mas", yaani kaka, kwao huwa "Sam".

"Leo wanataja tarehe," Warsito alijibu bila kuinua macho.

"Tarehe ya nini?"

"Ya gemu."

Benchi zima likaangua kicheko. Mtu wa miaka arobaini kasoro, mwenye mke na mvi mbili tatu, anasubiri gemu! Pak Kasmuri, mkongwe wa kijiwe, ndiye peke yake ambaye hakucheka. "Mwacheni. Kila mtu na ulevi wake."

Hawakujua, na Warsito hakuwahi kuwaeleza. Mwaka aliogongwa na lori kwenye barabara ya Batu akavunjika paja, alilala miezi katika chumba cha mbele, hawezi kufika hata chooni bila bega la mkewe, Rukmini. Shemeji yake akamletea kompyuta kuukuu yenye gemu moja tu ndani, Kisima cha Mwisho, iliyotengenezwa na vijana wa hapohapo Malang. Ilikuwa habari ya mwanamke mchimba visima, anayezunguka miteremko ya mlima wakati wa ukame akitafuta maji kijiji kwa kijiji. Warsito asiyeweza kutembea alitembea na mwanamke yule hadi mwisho. Na mwisho wenyewe ulikuwa huu: mwanamke anateremka kisimani, kamba inakatika, giza. Basi. Mengine, waliambiwa, yako sehemu ya pili.

"Kisima cha mwisho halafu kuna cha pili?" Rukmini alimwuliza siku ile huku akimgeuza mto. "Basi hakikuwa cha mwisho. Wamekuuzia uongo hao."

Paja lilipona, likamwachia kuchechemea kidogo. Sehemu ya pili haikuja. Ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena, ikaahirishwa tena. Katika kungoja huko Warsito aliingia kwenye grupu la mashabiki, watu maelfu kwa maelfu, na humo akajiita Ndoo Tupu. Barabarani alikuwa mkono tu unaokabidhi mfuko. Wateja walipokea chakula bila kumtazama usoni. Lakini kule kwenye grupu, kukitokea jambo, watu waliulizana: Ndoo Tupu kasemaje? Alikuwa na ulimi wa pilipili na sukari pamoja. Neno lake moja lilirushwa huku na huko mpaka likamrudia mwenyewe kutoka kwa watu asiowajua, na siku hizo alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Saa ilipofika, kwenye kioo cha simu akatokea Mbak Kinasih, mkuu wa studio, mwanamke mwembamba mwenye miwani, ameketi mbele ya ukuta mtupu.

"Tunaomba radhi," alisema. "Sehemu ya pili haitatoka mwaka huu. Tarehe mpya hatuna. Tukiitoa ilivyo sasa, tutakuwa tumewadanganya."

Warsito alijiona kama mtu aliyeondolewa kiti wakati anakaa. Grupu likawaka kama mabua. Waongo. Wezi. Wavivu. Mmoja akasema anaapa kuichoma ile ya kwanza, mwingine akamtaja mama wa Kinasih kwa neno lisilotamkika. Katikati ya moto huo watu wakaanza kuita: Ndoo Tupu yuko wapi? Ndoo Tupu, sema!

Akaandika kwa hasira: "Wameshindwa kutuletea? Basi tuwapelekee sisi. Nipeni anwani tu, pikipiki ninayo."

Vicheko vikamiminika. Hasira ikampungua kidogo, akaipokea oda ya kwanza, akatia simu kwenye kishikio chake na kuingia barabarani. Mchana kutwa hakulifungua grupu tena. Ndiyo maana hakuona mtu anayejiita Mkata Kamba alipoweka kweli anwani ya nyumba, na chini yake maneno: "Ndoo Tupu kasema tuwapelekee. Tuanze."

Alasiri ikaja oda ya martabak kumi, malipo mlangoni, kwenye kichochoro nyuma ya soko la Dinoyo. "Sherehe hiyo," Koh Liong alisema akifunga maboksi. Warsito akalipa kutoka mfukoni mwake kama kawaida ya kazi, akaondoka akinukia siagi.

Kabla hajakata kona alisikia makelele. Kichochoro kilikuwa kimejaa pikipiki. Madereva, pengine kumi, pengine zaidi, walisimama mbele ya geti moja la chuma lililofungwa, kila mmoja na mifuko yake: kuku, bata wa kukaanga, chai za barafu, supu za soto. Pak Kasmuri alikuwa amekumbatia mfuko mkubwa wa bakso, supu ya vidonge vya nyama, ambayo imeanza kupoa. Yoyok alikuwa analitikisa geti.

"Fungua, Bu! Kuagiza mnajua, kulipa hamjui?"

Ndani ya geti alisimama mama mtu mzima, ushungi umemkaa upande, ameshika fagio la njiti. "Wanangu, wallahi hatujaagiza kitu! Tuko wawili tu humu ndani. Bata sita tutawala na nani?"

"Sasa hizi hela zetu nani anarudisha?" mmoja alifoka.

"Bu Sulastri, lipa tu yaishe," jirani mmoja alipaza sauti kutoka dirishani, na madereva wakazidi kuamini kwamba wanadhulumiwa.

Warsito alipiga simu kwa mteja wake. Haikupokelewa. Akaitazama oda vizuri, kwa mara ya kwanza akasoma jina la aliyeagiza. Ndoo Tupu.

Akasoma tena. Akasogea kwa dereva aliye karibu. "Yako imeandikwa nani?"

"Sijui mwehu gani. Ndoo Tupu. Zote ni hivyohivyo."

Akairudisha simu mfukoni. Wakati huohuo, mwanzoni mwa kichochoro, vijana wawili juu ya pikipiki moja walikuwa wanapiga picha na kuimba, "Kamba! Tupeni kamba!" Mmoja akarusha jiwe. Likapita juu ya vichwa, likapasua kioo cha dirisha la mbele.

"Mama, ingia ndani! Mama!" ilisikika sauti ya mwanamke kutoka nyuma ya pazia.

Sauti hiyo Warsito aliijua. Mchana tu ilikuwa imetoka kwenye simu yake ikiomba radhi.

Hakuna aliyemjua. Helmeti ilikuwa kichwani, na jina la Ndoo Tupu halikuandikwa kwenye paji lake la uso. Angeweza kugeuza pikipiki, akala hasara ya martabak kumi, yakaisha. Mguu wake mzima ulikuwa tayari kwenye gia. Ila Yoyok alishapanda geti, mguu mmoja umeshavuka upande wa pili, na yule mama hakuingia ndani. Aliinua fagio kwa mikono miwili kumzuia, na mikono ilitetemeka kiasi kwamba njiti zilikuwa zinagonga chuma, tata-tata-tata, kama meno ya mgonjwa wa homa.

Warsito akazima injini.

"Yoyok, shuka."

"Wewe nyamaza, Sam. Mimi sitoki hapa mikono mitupu."

"Shuka nakwambia. Ndoo Tupu ni mimi."

Yoyok aligeuza shingo taratibu. "Umesema?"

"Jina lililo kwenye oda zenu. Sikuagiza mimi. Ila maneno ni yangu, niliyaandika mchana pale kijiweni, nikiwa na hasira za gemu. Niliandika tuwapelekee. Ulikuwa utani."

Yoyok aliruka chini na hakuuliza la pili. Ngumi ilimpata Warsito mdomoni, akarudi nyuma hadi kwenye pikipiki, maboksi mawili ya martabak yakaanguka mtaroni. Wengine wakamzingira. Mmoja akamvuta kwa mkanda wa helmeti mpaka akakosa pumzi.

"Aseme kwanza!" Pak Kasmuri alijipenyeza katikati, mfuko wa bakso bado kifuani. "Kupigwa kupo tu, hakuozi. Aseme kwanza, hizi oda zinasimamaje?"

Warsito akachomoa simu, akafungua grupu, akarekodi ujumbe wa sauti huku damu ikimchuruzika. "Ndoo Tupu hapa. Niko langoni kwa hao watu. Acheni kutuma oda. Wanaopata hasara hapa ni madereva, si studio, na aliyesimama mbele yao ni mama mzee. Acheni, nawaomba."

Majibu yalikuja papo hapo. Vicheko. "Kaka hana mpinzani!" "Hadi kilio anaigiza!" "Mama mzee, hahaha, naongeza soto ishirini!"

Walidhani ni utani mpya. Madereva waliokuwa wakichungulia kioo juu ya bega lake waliyasoma nao. Kabla hawajasema neno, pikipiki nyingine ikaingia kichochoroni, imebeba mfuko wa juisi mkubwa kama mto wa kulalia. Yoyok alianza kucheka, kicheko kibaya. "Ona sasa. Hata ukweli wako ni kichekesho."

"Hao waachie mimi," Pak Kasmuri alisema. Akaweka bakso chini, akashika simu yake na kuongea kwenye grupu la madereva wa mji mzima. "Kasmuri nazungumza. Oda yoyote ya nyuma ya soko la Dinoyo, jina Ndoo Tupu, msiiguse. Ni utapeli. Mwambie na mwenzako." Hakurudia. Sauti yake ilitosha. Kutoka stesheni hadi Singosari, madereva wakaanza kuzikataa oda hizo moja baada ya nyingine.

Warsito naye alivua helmeti. Miaka yote ile hakuna shabiki aliyewahi kuiona sura yake. Akawasha kamera, akaenda laivu, akajionyesha: mdomo umevimba, koti la kazi limefifia kwa jua. "Ndoo Tupu ndiye huyu," alisema. "Na huyu ni Pak Kasmuri, ana wajukuu. Bakso hii kainunua kwa hela yake. Huyu Yoyok, ndiye aliyenipasua, na ana haki. Na kile ni kioo mlichovunja." Akaelekeza kamera kwenye dirisha. Akaitoa haraka alipoona pazia likitikisika.

Vicheko vikakatika. Kisha mmoja akaandika samahani, na wa pili, na wa tatu. Halafu likaja hili: "Kumbe Ndoo Tupu ni mzee wa kupeleka vyakula tu? Na sisi tulikuwa tunamsikiliza!" Wengi wakalicheka. Warsito alilisoma, likamwuma kupita mdomo. Alizima simu.

Wale vijana wa jiwe, walipomwona Yoyok anawaendea akikunja mikono ya koti, waliwasha pikipiki na kupotea.

Geti likafunguka kidogo. Kinasih alisimama pale bila miwani, macho mekundu, mkono mmoja begani kwa mama yake.

"Wewe ndiye?"

"Ndiyo, Mbak."

"Asubuhi niliwaambia wenzangu ofisini, Ndoo Tupu leo atatusema, lakini angalau atatuchekesha." Akamtazama mama yake. "Mama yangu ana presha, Mas."

"Naomba radhi. Kwako, na kwa Ibu, mama yako."

"Nimesikia. Leo sikusamehe. Kesho sijui. Niondolee watu hawa hapa."

Warsito alitaka kusema mengi: juu ya paja, chumba cha mbele, kutembea mlimani na mwanamke mchimba visima. Badala yake aligeuka, akaanza kuwaomba wenzake waondoke. Mjumbe wa mtaa alikuwa ameshafika, akawauzia majirani baadhi ya vyakula kwa bei ya huruma. Hasara iliyobaki Warsito aliibeba mwenyewe, na Rukmini, alipousikia mkasa wote, alimpaka dawa mdomoni.

Kinasih na mama yake walihamia kwa ndugu zao Blitar kwa miezi kadhaa. Kijiweni, kwa muda mrefu, Warsito alikaa mwisho wa benchi na hakuna aliyemgawia karata. Pak Kasmuri ndiye aliyemrudisha, kwa kazi: kila oda ikitiliwa shaka, alitumwa yeye kwanza kwenda kuitazama nyumba na kuuliza kwa adabu. Aliifanya kazi hiyo bila malipo, mvua na jua. Jina la Ndoo Tupu alilifuta na hakulitumia tena.

Gemu ilitoka mwaka wa pili yake, ya kompyuta na ya simu, baada ya kuahirishwa mara moja zaidi. Grupu lilitukana kama kawaida. Warsito aliinunua, akaicheza jioni jioni, Rukmini kakaa pembeni anakata vipande vya tempe ya soya na kuuliza maswali. Alipoimaliza hakuandika popote kama ni nzuri au mbaya.

Siku moja, oda zikiwa chache, Yoyok alimsogelea pale kwenye benchi akiwa ameficha simu kiganjani.

"Sam. Hivi huyu mchimba visima, pale kwenye daraja la mianzi, unamvushaje? Nimekufa mara kama hamsini."

Warsito alimtazama. "Wewe nawe?"

"Nauliza tu."

"Si uwaulize kwenye grupu?"

"Wale? Wana matusi wale."

Warsito akamsogezea nafasi. "Lete hiyo simu," alisema. "Kwanza ndoo hiyo uliyobeba ni nzito mno. Ishushe."