Ua Langu Kwenye Ngoro za Jirani

Ua lile la kutambaa nililitoa Mbamba Bay, kipande cha shina chenye vifundo viwili, nimekiviringisha kwenye gazeti lililoloana. Mimi ni mwalimu, mtu wa kuja hapa Mbinga, na nyumba niliyopewa ilikuwa uchi, nikalipanda ukutani. Misimu miwili tu ya mvua, ukuta ukapotea chini ya maua ya zambarau, choo kikafuata, na asubuhi moja nikakuta limeukumbatia mti wa kahawa wa jirani.

"Mwalimu, ua lako limeniingilia shambani," alisema mama mwenye shamba, kwa adabu zake zote.

Nikalifyeka kwa aibu. Hapo ningekoma, lakini kiherehere changu nakijua mwenyewe. Mama yule na mkamwana wake walikuwa wamelaza nyasi kwa miraba, zimekauka, kesho yake wazifukie kwa udongo wainue matuta ya ngoro, vile vishimo vya mraba vinavyoshika maji ya mvua mlimani. Wao wako msibani, mimi nikabeba mashina yangu mabichi mizigo minne, nikayaingiza chini ya nyasi zao, nadhifu kabisa. Mbolea ni mbolea, nilijiambia.

Maharage yalipoota, ua nalo likaota katika kila tuta, machipukizi matupu yasiyo na maua ya kulitambulisha. Kila kifundo kilikuwa kimeshika mizizi. Nikiwa uani nilimsikia mama akimfokea mkamwana wake: "Nilikutuma nyasi, umeniletea magugu! Mwaka huu tutakula nini?" Binti yule, ambaye hata mwaka hajamaliza kwenye ndoa, aliinama akaanza kung'oa.

Siku tatu nilinyamaza, nikijichukia. Mwalimu mzima, kila siku nawahimiza watoto waseme kweli! Siku ya nne nikavuka na jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Yale magugu ni ua langu. Niliyaweka mimi, nikidhani nasaidia."

Alilitazama jembe langu, akaangua kicheko. "Mwanangu, kinacholazwa kwenye ngoro lazima kiwe kimekauka! Haya, inama."

Sijawahi kuinama kwa furaha namna ile. Kifua kilikuwa chepesi, nikaimba hata nyimbo nisizozijua vizuri. Siku mbili tulichokonoa mizizi, tuta kwa tuta, na maharage mengi yakapona. Mama hakumwomba mkamwana wake radhi kwa maneno. Alimletea maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni ya pili yule binti akanyoosha mgongo kando yangu.

"Afadhali umesema, mwalimu," aliniambia. "Nilishaanza kuamini kuwa ni mimi niliyeyaleta."