Vumbi Kwenye Galaksi ya Bwana Usicheke

Mtaani wanamwita Bwana Usicheke. Miaka kumi na tisa amepiga picha za pasipoti katika chumba chenye kiti kimoja na pazia jeupe, na kila anayekaa kitini huambiwa yale yale: tulia, usicheke. Mwenyewe si mtu wa kucheka ovyo.

Lakini asubuhi hiyo moyo ulimwenda mbio. Siku nne mfululizo, giza likiingia, alipanda paani na darubini ya shemeji yake mwalimu, akiwinda galaksi ya mbali ambayo vitabu vinasema ina mikono inayojiviringa. Alitaka kuiona mikono hiyo kwenye picha yake mwenyewe, basi. Mara tatu za mwanzo aliambulia doa tu, na mchana huu shemeji anakuja kuchukua darubini, shule inaihitaji. Sasa kompyuta ilikuwa imezipandanisha picha mia mbili za jana ziwe picha moja. Kabla hajaitazama vizuri, mteja akabisha hodi, ana haraka ya safari.

Alipomaliza kumpiga picha na kurudi, alimkuta mkewe mbele ya kompyuta. Kazi ya mama huyu ni kusafisha picha: chunusi, vumbi, makovu ya wembe. Mkono wake haujui kutulia.

"Picha yako ilijaa vumbi," akasema. "Nimelifuta lote. Halafu ilikuwa gizani, nikaongeza mwanga."

Bwana Usicheke akaikimbilia kompyuta. Vumbi gani? Zile zilikuwa nyota. Akafungua mdomo amwambie, ndipo akaona. Palipokuwa na doa sasa pana mikono miwili, imejizungusha kama maziwa ndani ya chai iliyotoka kukorogwa.

"Hii umeichora wewe?"

Mkewe akaudhika. Tangu lini yeye akamchorea mteja pua?

Hakuridhika. Akafungua picha ya mwanzo, nyota zote zimo, asiguse kitu ila mwanga. Akaupandisha kidogo kidogo, pumzi ameibana. Mikono ikatokea palepale, nyuma ya nyota. Ilikuwemo tangu mwanzo. Furaha ilimpanda, akamkumbatia mkewe pamoja na kiti alichokalia.

Shemeji alipofika akashikilia kwamba mtu huyu apigwe picha akiwa ameishika picha ya galaksi yake. Bwana Usicheke akakaa kwenye kiti cha wateja. Mkewe akachukua kamera.

"Tulia," akamwambia. "Usicheke."

Zilipigwa picha kumi na moja, na hakuna hata moja inayofaa kwa pasipoti.