Viti Viwili vya Rolande

Rolande Girard, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na bwana. Ndivyo tulivyosema mtaani, na mimi nikiwa wa kwanza, maana umbea nimejaliwa. Kila jioni ya mechi alijipaka rangi ya mdomo akaenda uwanjani kutazama hoki ya barafu. Mjane gani hujipamba hivyo kwa ajili ya timu inayoshika mkia?

"Huyo bwana ni nani?" nilimbana siku moja.

"Bwana! Wewe nawe kwa kuchimba. Ni mtu wa kiti cha pili tu. Anachelewa kila mechi, anakaa, ananiuliza ngapi ngapi, ananimiminia kahawa. Basi."

"Anaitwaje?"

"Sijui."

"Miaka yote hiyo, Rolande?"

"Uwanjani hatuulizani ya nyumbani."

Hilo kweli. Kwetu kando ya mto Saguenay viti vya msimu hurithiwa, na watu huzeeka bega kwa bega wakigombana juu ya kipa, bila kujua mwenzao anakaa mtaa gani.

Timu yetu, Bundi Weupe, ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, wakicheza juu ya mto ulioganda. Baadaye ikawa ya wachezaji wa kulipwa, ikajengewa uwanja, ikapata tajiri. Tajiri akaiuza, na mnunuzi akatangaza anaihamishia Texas, ambako barafu wanaiona ndani ya glasi. Nilimlaani mpaka sauti ikanikauka.

Rolande hakuililia timu. "Waichukue," alisema. "Lakini yule mtu nitamwona wapi tena? Mechi ya mwisho namwuliza."

Akangoja king'ora cha mwisho, kwa kuwa kwetu kumsemesha mtu mambo mengine mchezo ukiendelea ni kukosa adabu. Kosa hilo! Kilipolia tu, uwanja mzima uliruka uzio kwenda kuibusu barafu, naye akasukumwa huku, mwenziwe kule. Alikuja kwangu akalia mpaka supu ya mbaazi niliyompa ikapoa.

Mwezi uliofuata viti viling'olewa, vikauzwa kwa mashabiki. Rolande akaenda kuchukua chake. Kumbe vimeungana viwili viwili, havitenganishwi. Akarudi na vyote viwili, akaviweka barazani, namba zikitazama barabara. Theluji ilikuwa haijaisha. Alikaa hapo kila jioni ndani ya koti, mdomo umepakwa rangi, nami nikichungulia nyuma ya pazia mpaka shingo ikaniuma.

Wiki ya pili gari kuukuu lilipita polepole, likasimama, likarudi kinyumenyume. Akashuka mzee mfupi, chupa ya kahawa kwapani. Nikafungua dirisha, baridi na iingie.

Hakupiga hodi. Alisoma namba, akaketi kwenye kiti chake, akafungua chupa.

"Ngapi ngapi?"

"Bila bila," Rolande akajibu. "Na leo sikuachii. Unaitwa nani?"