Mrejesho wa Fundi Verediana

Verediana alimtambua kabla hajavuka mfereji. Miaka tisa ilikuwa imemwongezea Rogers kitambi na miwani, lakini mwendo ulikuwa ule ule, wa mtu anayekagua nyumba za wenzake.

"Shikamoo mama! Hunikumbuki? Rogers, yule mwanafunzi wako!"

"Marahaba baba. Nitakusahauje?"

Alisema kweli. Hakuwa amemsahau hata siku moja.

Miaka tisa nyuma, chuo kimoja kilileta wanafunzi wa mipango miji hapa Mbulu. Waliambiwa mji haufundishiki darasani. Basi wakae na watu wiki tatu, wapime vichochoro, wahesabu mabomba ya maji, wasikilize maisha. Mwisho wawasomee wakazi waliyoyaona. Mkutano huo waliuita mrejesho. Verediana, fundi cherehani aliyeletwa mjini kutoka Endasak akiwa bibi harusi, alimpa Rogers chumba na maziwa ya moto kila asubuhi. "Mtoto wa watu huyu," alimwambia mumewe, Joakimu. "Tumtunze."

Siku ya mrejesho Rogers alisimama akasoma: "Mama V., fundi cherehani, nyumba ya mlango wa bluu karibu na kisima. Yeye ndiye mkuu wa kaya. Mume ni mlevi, hukojoa kitandani. Mke hufua mashuka kabla majirani hawajaamka."

Ukumbi ukaangua kicheko. Joakimu alikuwa safu ya tatu. Aliinuka polepole, akatoka, akapanda gari la kwenda Balangdalalu kwa ndugu zake. Verediana alimfuata mara mbili. Mara ya pili Joakimu hakufungua hata mlango, alisema akiwa ndani, "Rudi kwa wasomi wako." Mpaka leo hajarudi.

Na sasa Rogers alikuwa mwalimu wa chuo, amekuja na wanafunzi ishirini wa kwake. "Naomba chumba kile kile, mama. Huwa nawaambia hawa, wewe ndiye uliyenifundisha mji."

"Karibu baba. Hata kitanda ni kile kile."

Jirani yake, Gaudensia, alimvuta pembeni. "Wewe! Huyo si ndiye?"

"Ndiye."

"Na maziwa unampa?"

"Ng'ombe wa kuchinjwa huachiwa majani mazuri."

Verediana akanunua daftari la shule, akaliweka chini ya cherehani. Kila alipokata uzi, aliandika mstari. Mvua ilinyesha wiki nzima. Wanafunzi walirudi wamelowa hadi magotini, lakini mwalimu wao hakutoka. Alikaa karibu na jiko akijaza madodoso, yale makaratasi ya maswali, majibu ya nyumba kumi na mbili ambazo hakuwahi kuzibishia hodi. Verediana akaandika. Kila jioni Rogers alijificha nyuma ya jiko na simu, akilia. Hilo Verediana aliliandika kwenye ukurasa wa peke yake.

Siku moja, akimmiminia maziwa, alimjaribu. "Baba, unakumbuka uliyosoma siku ile?"

"Sana! Ile ripoti ilinipa alama za juu kuliko wote. Na jina lako sikulitaja, mama. Utafiti una maadili."

"Hukutaja jina. Ulitaja mlango."

Rogers alicheka. "Ndio utafiti wenyewe, mama."

Verediana alimtazama mpaka akamaliza kikombe. Kama angeomba radhi asubuhi ile, labda daftari lingeingia jikoni likatumika kuwashia moto. Labda.

Mrejesho ulifanyika Alhamisi. Wanafunzi walipomaliza kusoma, mwenyekiti wa mtaa, Mzee Nikolausi, akauliza kama kuna mkazi mwenye la kuongeza. Verediana alisimama na daftari.

"Mwalimu R.," alisoma, "mtu wa miwani, mgeni wa nyumba ya mlango wa bluu. Huwatuma watoto mvuani, yeye huota moto. Nyumba kumi na mbili amezijazia majibu kwenye stuli yangu, na kwenye nyumba moja ameweka bibi aliyefariki mwaka juzi."

Evelyne, mwanafunzi mwenye viatu vilivyooza kwa matope, aligeuka. "Mwalimu, ni kweli? Sisi tumetembea mpaka tukaugua!"

"Mama, inatosha," Rogers alisema.

"Bado, baba. Kuna ukurasa wa pili."

Angeweza kukaa. Alimwona Rogers alivyotikisa kichwa, taratibu, kama mtoto anayekataa dawa, na utamu ukampanda kooni. Akasoma. "Mkewe amemfukuza. Kila jioni humpigia simu akilia: nitaacha, Ludo, nitaacha. Mke humkatia simu."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama mafuriko. Wengine walipiga mabenchi. Simu zilikuwa juu, zikirekodi.

Baada ya mkutano Rogers alikuja nyumbani kuchukua begi lake. Alikuta limeshatolewa barazani, nguo zimefuliwa na kukunjwa.

"Mama," alisema. "Ludovika alikuwa amekubali. Jana. Alisema nirudi nyumbani Jumamosi, tuzungumze. Akiiona ile video…"

Verediana alisubiri huruma ije. Aliisubiri kwa haki kabisa, mkono juu ya gurudumu la cherehani. Haikuja.

"Ataiona," akasema. "Safari njema, baba."

Rogers akajitwisha begi, akaanza kupanda kilima kuelekea stendi. Verediana aliinama mbele kusikiliza hatua zake matopeni, akajikuta anaomba ateleze.