Zamu Yangu kwa Sili

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa kwamba lilikuwa jambo dogo.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mpokea wageni katika hoteli moja hapa Dubai. Mwaka mmoja kazini kwake walimzawadia tiketi ya mtu mmoja ya kwenda kumlisha sili, yule mnyama wa baharini, kwenye bustani ya wanyama. Si kule mbele wanakotazama watu wote, bali nyuma, kwenye bwawa sili wanakopumzikia. Akanipa mimi. Nilikuwa yaya wa familia moja mtaa wa Al Qusais, na siku yangu ya mapumziko ilikuwa Ijumaa. Nikamwambia aende mwenyewe.

"Dada, hii huigawi," akasema. "Tangu mama azikwe hujawahi kula kitu kabla yetu. Nenda ukamshike huyo mnyama. Mimi nitakaa nje ya uzio nikutazame."

Mama alipomfuata baba nilikuwa darasa la sita, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne. Sikurudi shuleni. Sisemi haya nihurumiwe. Nasema ili ieleweke kwamba mikono yangu ilianza mapema kubeba watoto, maana ndiyo iliyoniponza.

Tulikuwa sita kwenye kundi. Walitufunga mkononi bangili za karatasi zenye namba, wakatuvalisha suti za mpira zinazobana, tukawa weusi sote kuanzia shingoni kwenda chini, na hilo lilinifurahisha. Mtunzaji wa sili, mwanamume mwenye filimbi kifuani, alitupa masharti: tupange mstari ukingoni, kila mtu amguse sili mgongoni na kumpa samaki mmoja, basi. Sili akatoka majini, mzito kama gunia la mchele lililolowa, akajiburuta hadi miguuni petu na kupiga chafya. Kando yangu alikuwa mwanamke na mwanawe wa miaka kama mitano. Mtoto akapiga kelele na kurudi kinyumenyume kwenye sakafu yenye maji.

Nikamdaka. Hakuna aliyeniomba. Nikamweka kiunoni, nikamwambia asiogope, naye akanyamaza na kunikumbatia shingo. Mama yake akanitazama, akasema kwa Kiingereza, "Vizuri. Msogeze karibu nimpige picha."

Na mimi, niliyeingia pale kwa tiketi, nikajibu, "Ndiyo, madam."

Nikamsogeza. Nikaushika mkono wake ukagusa mgongo wa sili. Nikamsaidia kushika samaki kwa mkia.

"Inama kidogo," madam akasema. "Kichwa chako kinamziba."

Nikainama. Mtunzaji akampa zamu yule mama, akampa na wa mwisho, akapuliza filimbi, na sili akarudi majini.

"Khalas, tumemaliza," akasema. "Asanteni nyote."

"Mimi bado," nikasema.

"Wewe umeshapita na mtoto."

"Huyu si mtoto wangu."

"Najua si wako. Wewe si yaya wake?"

Yule mwanamke akamtoa mwanawe mikononi mwangu. "Yaya wangu yuko nyumbani," akasema. "Nilidhani huyu ni mfanyakazi wenu."

Wakacheka wote wawili, yakaisha. Hakuna aliyesema samahani. Kila mmoja alikuwa amenifanya mtumishi wa mwenzake, na walipogundua kwamba mimi si wa yeyote kati yao, hakuna aliyejiuliza basi pale nilifuata nini. Mtunzaji aliniambia nikavue suti, kundi linalofuata linaisubiri.

"Sivui."

"Sister, yalla, muda umekwisha."

"Nitavua nikishamshika sili."

Nikaketi kwenye benchi, maji yakinichuruzika miguuni. Nilijua ninachochezea. Simu moja tu kwa mwajiri wangu kwamba yaya wake amegoma mahali pa watu, na kibali changu cha kazi kingekuwa mashakani. Mdogo wangu alikuwa ameshika nyaya za uzio.

"Dada, kuna nini?"

"Wameninyima zamu."

"Wamekunyima? Nimekuona kwa macho yangu ukiitoa."

Hilo liliniuma kuliko kicheko cha wale wawili, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Niliitoa," nikamjibu. "Sasa naitaka."

"Basi usiinuke hapo. Akija mtu, mwonyeshe hiyo bangili yako ya karatasi, usimwonyeshe machozi."

Sikuwa na machozi ya kumwonyesha mtu. Kundi jipya liliingia, mtu mmoja akikosa suti, ndipo wakamwita msimamizi. Alikuja mama mmoja na orodha, akasoma namba ya bangili yangu, akapitisha kidole hadi kwenye jina langu. Akamgeukia mtunzaji.

"Huyu ni mgeni," akamwambia. "Anaingia na hawa. Huyo mwingine mtafutie suti."

Nikasimama wa kwanza kwenye mstari. Sili alikuwa mgumu kuliko nilivyodhani, misuli mitupu, na manyoya mafupi yaliyoteleza ukipapasa kuelekea mkiani na kukwaruza ukirudisha mkono. Nilimpapasa pande zote mbili, taratibu. Nikampa samaki wangu. Mtunzaji akanionyesha kwa kidole nimpishe anayefuata.

Nikaingiza mkono kwenye ndoo yake ya samaki, nikatoa wa pili, nikampa, nikangoja ameze. Ndipo nikasogea.