Nanzala na Kiingereza cha Dirishani

Mke wangu Nanzala tulimzika mwezi wa pili. Watu wengi walisema mazuri yake siku hiyo. Mimi sikusema kitu. Si mtu wa maneno, na shule sikuingia. Lakini kuna jambo lake moja ambalo waliozaliwa juzi hawalijui, na waliolijua wamebaki wachache.

Alizaliwa mwaka wa njaa, ndiyo maana akaitwa hivyo. Baada ya uhuru tulitoka Bungoma, tukaja Eldoret kutafuta kazi. Mimi nilibeba magunia kwenye stoo ya Farah, Msomali mwenye malori. Nanzala alinunua mayai na mboga asubuhi, akaenda kuuza Elgon View, mlango kwa mlango.

Wazungu wa zamani walijua Kiswahili, hata cha kutukana. Shida ilikuwa wale wapya. Memsabu mmoja anatabasamu, anasema come in. Mwingine anatabasamu vilevile, anasema go away. Nanzala anasimama pale na kikapu kichwani, hajui kama anaitwa au anafukuzwa. Siku moja aliingia jikoni kwa yule aliyekuwa anamfukuza. Mbwa alimtoa mpaka barabarani. Alirudi nyumbani gauni limepasuka na mayai hakuna.

"Baba Khisa," akasema, "hii lugha nitaijua."

"Utaijulia wapi?"

"Kwa Wanyonyi."

Hapo ndipo palikuwa na ugumu. Wanyonyi alikuwa karani, na jioni alifundisha watu wazima Kiingereza katika chumba cha kanisa karibu na kwetu. Lakini alikuwa ameoa binti wa dada mkubwa wa Nanzala. Kwetu Wabukusu, mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Kwa hivyo Wanyonyi alikuwa mkwe wake, na mama mkwe haingii chumba kimoja na mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni. Hiyo ni heshima, tena kubwa.

Nanzala akabeba ungo wake wa maharagwe, akaenda akakaa nje chini ya dirisha. Mimi nikaingia ndani, nikakaa benchi la mwisho, kando ya dirisha hilohilo. Niliingia kwa ajili yake.

Wanyonyi alifundisha kwa mwili. Stand up, watu wanasimama. Sit down, wanakaa. Alituambia Kiingereza cha kila siku ni neno dogo na mkia wake, na ukibadilisha mkia, ng'ombe anakuwa mwingine. Nanzala huko nje alisikia maneno, lakini vitendo hakuviona. Viti vikilia alijua watu wamesimama. Koti halilii.

"Amefanya nini?" ananinong'oneza.

"Amevaa koti."

"Put on," anasema. "Na sasa?"

"Amelivua."

"Take off."

Yusuf, aliyeuza dukani kwa Farah, akanigeukia. "Mzee, wewe ni mwanafunzi ama ni dirisha?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka.

Wanyonyi alijua ni nani yuko nje. Hakumtaja hata mara moja. Lakini kuanzia hapo akawa anasema kwa sauti kama mtu wa mnada. Mlango anaufunga kwa kishindo. Sisi akatuambia tukikaa tukae kwa nguvu, viti visikike. Akiuliza swali tukanyamaza, jibu linatoka nje. Yeye anatazama dari, anasema, "Dirisha limepata. Nyinyi wengine mnangoja nini?"

Nyumbani Nanzala alijizoeza kwangu. Wake up. Move over. Put out the lamp. Nilikuwa natii kwanza, kuelewa baadaye. Na Elgon View hakuna mbwa aliyemtoa tena. Akiambiwa come back tomorrow, kesho yake yuko mlangoni na kikapu kimejaa.

Miaka ikapita. Wazungu wa mashamba wakawa wanauza na kwenda zao. Watu wetu waliungana kwenye chama cha kununua mashamba, nasi tukaingia, tukanunua shamba moja upande wa Moiben. Mwenyekiti alikuwa Kituyi, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Tukahamia, tukajenga vibanda, tukangoja kugawiwa. Chini ya shamba kulikuwa na mto, na juu yake kidogo chemchemi. Kiangazi kikija mto unakauka. Chemchemi haikauki. Wanawake wote waliteka hapo.

Kamati ya chama ikaleta mpima ardhi, mzungu mgeni ambaye hata salamu ya jambo hakuijua. Wakamchukua Wanyonyi awe mkalimani. Siku waliyopima upande wa chini, tuliuona mstari unakokwenda. Chemchemi yote inaingia kwa Kituyi, na Kituyi alikuwa ameshaleta seng'enge ya kuzungusha.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, karani amweleze huyu mzungu kwamba mto unakauka."

"Karani anatafsiri ya kamati," akasema. "Maji ya kuteka ni mambo ya jikoni."

"Kwani jikoni kwako hampiki ugali?"

"Ndugu, rudi ukakae na wenzako."

Wanyonyi alinitazama, akainamisha kichwa. Siku hiyo ulimi wake ulikuwa wa kamati. Mpima akainua nyundo kugonga kigingi.

Sauti ikatoka nyuma ya kibanda chetu.

"Hold on!"

Nyundo ikabaki juu.

"Don't cut off the water! River dries up! This one, no dry up! All mothers come down here!"

Mzungu akageuka huku na huku akimtafuta anayesema. Aliona ukuta wa udongo tu. Nanzala alikuwa nyuma ya ukuta, kwa sababu mkwe wake alikuwa mbele.

"Huyo ni mwanamke tu," Kituyi akasema. "Karani, mwambie agonge."

Wanyonyi akavua kofia. "Mwenyekiti, huyo ni mama mkwe wangu. Akiongea yeye, mimi siwezi kusimama hapa."

Akatugeuzia mgongo, akapanda kilima mpaka kwenye Landrova ya mpima, akaketi upande wa pili ambako hatuoni. Lakini darasani sauti hiyohiyo haikumfukuza hata siku moja.

"Karani! Rudi! We Wanyonyi!" Kituyi alipiga kelele mpaka shingo ikavimba. Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa yes na thank you.

Ndipo Nanzala akatoka, leso kichwani, matope miguuni.

"Come down," akamwambia mpima, akatangulia. Nikawafuata. Akamwonyesha mto, mawe na vumbi. Akamwonyesha chemchemi, akaingia mpaka maji yakamfika vifundoni. Mpima akauliza jambo refu.

"Slow down," Nanzala akamwambia.

Akasema polepole. Nanzala akajibu. Akamwonyesha kwa kidole njia wanayoshukia wanawake. Nyuma yake nilikuwa mimi peke yangu. Nimeona wanaume wakibeba magunia mawili kwa mara moja. Sijaona mtu mwenye nguvu kama yule.

Mpima akatazama karatasi yake, akapanda juu, akang'oa vigingi vyake, akasogeza mstari. Chemchemi na njia ya kushukia vikabaki nje ya kila shamba. Kisha akamwambia Kituyi maneno machache.

"Anasema nini?" Kituyi akauliza.

"Anasema maji ni ya wote," Nanzala akasema.

"Amesema yeye ama umesema wewe?"

"Muulize."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha wanachama wakapiga makofi, na kamati ikaupokea mstari mpya. Kituyi hakuuliza.

Jioni ile wanawake walishuka na madebe. Mbele alikuwa mke wa Kituyi. Walipokuwa wakipanda na maji akamsogelea Nanzala, akapunguza sauti.

"Mama Khisa, hiyo ya kusimamisha mtu inasemwaje?"

"Haifundishwi mtu akiwa amesimama," Nanzala akasema. "Wewe tembea."

Mke wa Kituyi akatembea, debe kichwani.

"Hold on!"

Akasimama. Wote wakasimama, mstari mzima, maji yakiwamwagikia mabegani, wanacheka.