Nepi Nyuma ya Seva

Nepi zilikuwa zangu, na ningezianika tena. Mwezi wa saba Lushoto nepi ukiianika nje asubuhi, jioni unaitoa kambani mbichi vilevile, tena inanuka ukungu. Sehemu pekee ya ofisi yetu iliyokuwa na joto ni nyuma ya seva. Asiyewahi kulea mtoto mchanga kwenye baridi hii asije kunifundisha usafi.

Ofisi yenyewe ni ya ushirika wa mboga na matunda. Wakulima wanaleta kabichi, karoti na peasi, tunapima, tunaandika, gari linashuka Tanga. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kompyuta kidogo mjini, nikapewa kiti dirishani, kwenye mizani. Seva zilikuwa tatu, zimewekwa kwenye kichumba kimoja: moja ya mizani, moja ya malipo, moja ya kuwatumia wakulima ujumbe. Kila moja ilikuwa na diski yake na haikujua ya mwenzake. Basi mtu anatoka Rangwi alfajiri, anafika dirishani, mizani inamjua, malipo hayamjui. Anaambiwa arudi kesho. Na anayemwambia ni mimi, kwa hiyo maneno yote yalinishukia mimi.

Mtoto alikuwa analelewa na mama yangu. Saa nne na saa nane alipanda naye mlima, mtoto mgongoni, ili ninyonyeshe. Nilikaa kwenye kichumba cha seva, juu ya ndoo niliyoifudikiza, mgongo ukipigwa na hewa ya moto ya feni. Mtoto alinyonya mpaka akasinzia. Sikuomba ruhusa kwa mtu, na hakuna aliyeniuliza.

Kisha akaja fundi kutoka Tanga kuziunganisha. Kijana wa rika langu, amevaa koti la mtumba alilolinunua stendi dakika aliyoshuka kwenye gari. Alinieleza kazi yake bila kuniona mjinga, nami hilo nalikumbuka kwa wema. Analeta sanduku moja kubwa la diski, seva zote tatu zisome na kuandika humo. Mkulima akishaandikwa na moja, zote zimemjua. Hatari yake ni kwamba mbili zikiandika mahali pamoja kwa wakati mmoja zinaharibiana, kama wanawake wawili wanaotia chumvi sufuria moja bila kuulizana. Kwa hiyo zinaitana muda wote, upo, nipo, upo, nipo. Asiyeitika, wenzake wanamkatia njia ya kufika kwenye diski, asije akazinduka baadaye na kuandika juu ya kazi yao.

"Bila kumuuliza ana nini?" nikasema.

"Utamuuliza vipi, na haitiki?"

Tulicheka. Nikamwambia kumbe na mashine zina meneja kama wetu.

Akaunganisha, ikafanya kazi, watu wakapongezana. Kesho yake seva ya mizani ikakatwa na wenzake. Fundi akakaza nyaya, akaiwasha upya, ikarudi. Siku iliyofuata ikakatwa tena, na kila mara ni pale foleni imefika barabarani na mimi sina la kuwaambia watu.

Meneja wetu ni mama mtu mzima, mtu wa Tanga mjini, nadhifu kupita kiasi. Aliingia kichumbani mwenyewe akaona nepi zangu kwenye kamba. Akamuuliza fundi kama unyevu unaweza kuleta shida hii. Fundi macho yalikuwa mekundu kwa uchovu. Akasema inawezekana. Neno moja hilo tu. Chumba kikafungwa, ufunguo ukaingia kwenye mkoba wa meneja.

Nilimwamkia shikamoo kabla ya kugombana naye, maana kwetu hasira haifuti shikamoo. Aliitikia marahaba vizuri kabisa. Nikamuuliza ninyonyeshee wapi. Akasema yeye alinyonyesha watoto wake wote akiwa kazini, na hakuna mtu aliyemtafutia chumba. Hakulisema kwa ubaya, alilisema kama mtu anayetoa mfano wa kuigwa. Ndiyo maana liliniuma zaidi.

Nikahamia kwenye banda la mizani. Mlango haufungwi, ukungu unaingia kama mteja, matenga yanagongwa chini. Mtoto anashtuka, anaachia titi, analia. Kuna mpakiaji mmoja mzee alinitundikia gunia niwe na faragha, akasema mtoto akizidi kupiga kelele tutampima pamoja na karoti. Alikuwa ananionea huruma, nilimwelewa. Lakini nikiwa nyuma ya gunia, dirishani wananiita, na nisipoitika mara ya kwanza nasikia mtu akisema huyu siku hizi hayupo kazini.

Mtoto akawa ananyonya robo. Mwanzoni jioni matiti yalijaa mpaka yakauma. Baadaye yakaacha kujaa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mama akasema nyumbani, kwa Kishambaa na kwa upole, tumwanzishie maziwa ya ng'ombe ya kuchanganya na maji, kama nilivyoanzishwa mimi. Nikamjibu kwa sauti ambayo mtu hamtolei mama yake. Aliendelea kumkausha mtoto shingoni.

"Basi zungumza na watu wako," akasema. "Mimi sipandi mlima ule kumpeleka akalie."

Na mashine je? Chumba kilikuwa kimekauka, hakina nepi hata moja, na seva ya mizani ikaendelea kukatwa vilevile. Fundi ndiye aliyeamua kuja kukaa na mimi dirishani, aone saa ile inapokatwa mimi ninafanya nini. Nilikuwa nafanya ninachofanya kila siku. Foleni imejaa, napiga picha vitambulisho, naingiza mizigo, natuma. Akatazama kompyuta yake ndogo, akatazama foleni. Kisha akaenda kumwita meneja. Angeweza kumweleza ofisini kwake mlango umefungwa. Alimleta mpaka nilipokaa.

"Haijawahi kufa hii," akamwambia. "Nimeipa waya mmoja tu, wa kubebea mzigo na huohuo wa kuitikia wenzake. Foleni ikiwa kubwa inaelemewa, wanaiita, inachelewa kuitika. Wanaikata wakidhani haipo, kumbe ipo, inafanya kazi kuliko wote."

Meneja akauliza, na nepi?

"Nepi hazihusiki. Nilisema inawezekana kwa sababu nilichoka." Akanigeukia. "Samahani, dada."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwa siku kama ile. Nikainama nikajifanya napanga kalamu.

Waya wa pili, wa kuitikia tu, ulifungwa kabla ya saa nane, na seva haikukatwa tena. Mama alisema hapandi, lakini alipanda; alipofika, nilimchukua mtoto nikaenda naye moja kwa moja mlangoni kwa meneja.

"Mama, mashine imeelemewa, imepewa waya wake leo leo," nikasema. "Na mimi nimeelemewa."

Alinitazama, akamtazama mtoto, ambaye alikuwa anatafuna kidole kwa njaa. Akasema chumba hawezi kukifungua, wakulima wote sasa wamo kwenye sanduku moja, likiguswa wamepotea wote. Alikuwa sahihi na nilichukia kwamba yuko sahihi. Fundi, akiwa anakusanya vyombo vyake, akasema ile hewa ya moto lazima itoke mahali, na nyuma ya ukuta kuna stoo ya matenga matupu. Meneja akauliza kama mashine zinahitaji hivyo. Akajibiwa zinahitaji. Tundu likatobolewa jioni ileile, likawekwa wavu.

Nimelifikiria sana hilo na bado nina hasira. Walitoboa ukuta kwa ajili ya mashine. Kwa ajili yangu hakuna aliyegusa nyundo, na mwanamke atakayekuja baada yangu atanyonyesha kwa makombo ya hewa ya kompyuta kama mimi. Hata hivyo siwezi kuficha kwamba asubuhi iliyofuata nilikuta kiti stoo, kile cha ofisini kwa meneja, na mto wake juu yake. Hakunitajia, nami sikumshukuru kwa mdomo. Maziwa yalirudi polepole.

Mama hutundika nepi kwenye wavu, joto linatoka upande wetu. Dirishani wakiniita, mpakiaji mzee hunijibia kutoka bandani, "Yupo, anabeba mzigo, subirini." Siku moja nilimsikia meneja akipita, akasimama mlangoni, kisha akaenda yeye dirishani kupokea mkulima. Mtoto aliachia titi, akasikiliza viatu vya meneja vikiondoka, akarudi kunyonya.